Penseli ya Nani? Jina la Mwenye Tangazo na Jina la Kiwanda

Wasomaji wetu ambao ni walimu wamezoea kuwafundisha wanafunzi kiunganishi cha -a mapema kabisa, pamoja na ngeli za majina: kiti cha mwalimu, nyumba ya udongo, maji ya kunywa. Mwanafunzi hushika kanuni ya upatanisho, hupata alama zake, na somo husonga mbele. Ni mara chache anapoambiwa kwamba katika kiti cha mwalimu uhusiano ni wa umilikaji, katika nyumba ya udongo ni wa mali ghafi, na katika maji ya kunywa ni wa matumizi. Lugha ya kila siku haihitaji tofauti hiyo isemwe, kwa kuwa mazingira ya mazungumzo huisema yenyewe. Taabu huanza pale ambapo mazingira hayapo tena, na kitu kimebaki peke yake juu ya meza.

Hivyo ndivyo ilivyotupata sisi. Mfasiri mmoja alituletea orodha yenye picha ya vifaa vya kale vya ofisi kutoka Marekani. Humo mlikuwa na mashine za taipu, mihuri, vibanio vya karatasi, na penseli kadhaa za aina ile isiyochongwa, ambayo risasi yake husukumwa nje kwa kuzungusha ncha au kifuniko. Ubavuni mwa kila penseli palikuwa na maandishi ya rangi: hii ina jina la benki ya mji mdogo, hii jina la mwuza mbegu za mahindi, hii jina la ghala la nafaka na namba yake ya simu. Safu ya mtengenezaji katika orodha ile ilikuwa tupu kwa baadhi ya penseli. Mfasiri, kwa nia njema kabisa, akaona haifai kuacha mapengo, akajaza alichokisoma pichani. Basi ikaandikwa kwamba penseli ya benki ilitengenezwa na benki, na ya ghala ilitengenezwa na ghala. Sisi tukaipitia kazi hiyo, tukasahihisha upatanisho mahali pawili, tukaweka sahihi. Siku chache baadaye mwenzetu mmoja akauliza, kwa upole, tangu lini benki zikawa na viwanda vya penseli.

Makala haya yametokana na swali hilo. Tulidhani jambo lenyewe ni dogo, kumbe lina historia ndefu, na historia hiyo inamhusu kila mtu ambaye kazi yake ni kuandika kwa Kiswahili kwamba kitu fulani ni “cha” fulani.

Kwanza yatupasa kutazama jina la chombo chenyewe. Wazee wetu waliiita kalamu ya risasi, na wengi bado huiita hivyo. Kalamu tumeipata kwa Waarabu, ambao nao neno lao lina udugu na lile la Kigiriki lenye maana ya tete, mmea uliochongwa ukaandikiwa. Risasi pia ni ya Kiarabu, na Waarabu hata leo husema kalamu ya risasi kama tusemavyo sisi. Lakini ndani ya penseli hamna risasi. Katika karne ya 16 huko Borrowdale, kaskazini ya Uingereza, yalipatikana madini meusi laini yenye kuacha alama, na watu wakayadhania kuwa aina ya risasi. Ilipofika mwaka 1779 mkemia Carl Wilhelm Scheele alionyesha kwamba hayana risasi hata kidogo, bali ni kaboni. Na mwaka 1789 Abraham Gottlob Werner akayapa jina la grafiti, kutokana na neno la Kigiriki la kuandika. Wataalamu walijisahihisha, lugha hazikujali. Wajerumani wanasema kijiti cha risasi, Waarabu wanasema kalamu ya risasi, nasi vivyo hivyo. Hatupendekezi jina hilo lifutwe. Tunalitaja ili ionekane kwamba, tangu mwanzo, penseli ni chombo ambacho jina lake halisemi kweli kuhusu asili yake.

Penseli isiyochongwa ilisajiliwa London mnamo Desemba 1822, kwa hataza iliyotolewa kwa watu wawili, Sampson Mordan na John Isaac Hawkins. Hapohapo mwanzoni tunakutana na swali letu. Mordan alinunua fungu la Hawkins, kisha akaingia ubia na Gabriel Riddle, mwuza vifaa vya kuandikia, ubia uliodumu hadi katikati ya miaka ya 1830. Kwa hiyo penseli za fedha za miaka ile zina herufi za Mordan na Riddle kwa pamoja, na zile za baadaye zina jina la Mordan na kampuni yake. Hawkins hayumo. Aliyeazimu jambo hilo pamoja na mwenzake hakubakiwa na hata herufi moja kwenye kitu chenyewe, ilhali mtia mtaji alipata zake mbili.

Hata hivyo, mwenye kuchunguza penseli za Mordan ana bahati. Huko Uingereza vyombo vya fedha vilipaswa kisheria kupimwa na kugongwa alama, na miongoni mwa alama hizo ilikuwamo ya fundi mwenyewe, iliyoandikwa katika daftari la ofisi ya upimaji. Atakayeshika penseli ya namna hiyo akiwa na kioo cha kukuzia anaweza kujua mji, mwaka na karakana. Kiwanda cha Mordan kiliharibiwa kwa mabomu mwaka 1941, lakini alama zake zinaendelea kutoa ushahidi. Fedha ina thamani, na sheria hufuatilia chenye thamani. Penseli ya plastiki inayotolewa bure dukani haifuatiliwi na mtu.

Na sasa tuvuke bahari. Penseli za matangazo, zile zilizoingia katika orodha yetu, ni zao la Marekani ya kati, hasa nusu ya kwanza ya karne ya 20. Biashara ya kugawa vitu vidogo vyenye jina la muuzaji ilikuwa imekwisha anza. Inasimuliwa kwamba katika mji wa Coshocton, jimbo la Ohio, miaka ya 1880, mwenye gazeti aitwaye Jasper Meek aliona mashine yake ya kuchapia ikikaa bure kati ya toleo na toleo, akamshawishi mwenye duka la viatu achapishe jina la duka kwenye mifuko ya shule na kuwagawia watoto. Kila mtoto aliyetembea njiani akawa bango. Kutoka hapo biashara ikapanuka hadi kwenye kalenda, rula, vibanio, vifungo na penseli. Mwaka 1896 ilianzishwa Brown & Bigelow mjini St. Paul, Minnesota, iliyokuja kuwa miongoni mwa kampuni kubwa za kalenda za matangazo, na ambayo penseli zake zilijulikana kwa jina la Redipoint. (Kampuni hiyo ina kisa chake: Herbert Bigelow alifungwa katika miaka ya 1920 kwa kukwepa kodi, akakutana gerezani na mfungwa mwingine, Charles Ward, akampa kazi baada ya kifungo, Bigelow alipofariki mwaka 1933, Ward akawa mkuu wa kampuni. Tunakitaja kwa sababu kinavutia tu.)

Penseli iliyowezesha haya yote ni ile iliyoitwa Eversharp. Mbunifu wake ni Charles Keeran wa Bloomington, Illinois. Watu wengi husema Eversharp ni penseli ya Wahl, na jina la Wahl la Chicago kweli limegongwa kwenye mamilioni ya penseli hizo. Lakini tazama mlolongo ulivyo. Wazo lilikuwa la Keeran. Penseli za kwanza zilifinyangwa na karakana ya George W. Heath ya New York, mafundi wa fedha, nao waligonga alama yao mahali pasipoonekana upesi. Mwaka 1915 kazi ilipelekwa kwa Wahl, ambayo wakati huo ilikuwa kampuni ya mashine za kujumlisha hesabu, na haikupita miaka mingi kabla Keeran kupoteza mamlaka juu ya kitu alichokibuni. Hapa kuna watu watatu, na kila mmoja wao angeweza kusema “penseli yangu” bila kusema uongo. Kiswahili chetu kingewaruhusu wote watatu kwa neno moja: penseli ya Keeran, penseli ya Heath, penseli ya Wahl.

Mambo yalizidi kuwa magumu ilipoongezwa biashara ya matangazo, kwani alikuja mtu wa nne na wa tano. Tuseme mwenye ghala la nafaka katika jimbo la Iowa anataka kuwapa wakulima zawadi wakati wa mavuno. Haendi kiwandani. Humwendea, au huendewa na, wakala mwenye sanduku la sampuli na kitabu cha bei. Wakala huchukua oda ya penseli mia tano, huandika maneno yanayotakiwa, hupeleka kiwandani. Kiwanda huchapa jina la ghala ubavuni, kwa herufi kubwa, kwa rangi mbili, pengine na picha ya hindi. Jina la kiwanda, likiwapo, hubanwa kwenye kibanio cha mfukoni kwa herufi ambazo hata macho ya kijana huzitafuta. Mara nyingine kibanio hubeba jina la wakala. Mara nyingine hakibebi jina lolote, kwa kuwa mteja analipia nafasi ya jina lake na hapendi kugawana.

Viwanda vyenyewe havikuwa vingi mno, na anayejifunza huanza kuvitambua. Autopoint ya Chicago ilijulikana kwa kutumia bakelaiti, plastiki ngumu iliyobuniwa na Leo Baekeland mwaka 1907, na kwa ncha yake iliyoshika risasi imara isitikisike. Keeran mwenyewe alikuja kufanya kazi upande huo baada ya kuachana na Wahl. Chapa yenye neno Chicago ni ya zamani kuliko ile yenye neno Janesville, mji wa Wisconsin ambako Autopoint ilihamia baadaye. Dur-O-Lite ilikuwa Melrose Park, nje kidogo ya Chicago. Mjini St. Louis zilikuwapo Ritepoint na Quick Point. Atlanta ilikuwa na Scripto, iliyouza penseli za bei rahisi kwa kila mtu, wala haikutegemea matangazo peke yake. Msomaji ataona jinsi majina haya yanavyofanana. Neno la Kiingereza lenye maana ya ncha limo katika kadhaa ya majina hayo. Mwenye haraka husoma nusu ya jina na kuandika lile analolijua zaidi, na makosa ya namna hiyo yamejaa katika orodha za wauzaji.

Je, ikiwa hakuna jina? Hapo ndipo kazi hasa inapoanza, nayo haina tofauti kubwa na kazi ya mtu anayetafuta asili ya neno. Tunakusanya ushahidi ambao kila mmoja peke yake hautoshi.

Namba ya hataza husaidia sana. Hataza za Marekani zimehesabiwa mfululizo tangu 1836, na hatua zake kubwa zajulikana: milioni ya kwanza ilifikiwa Agosti 1911, ya pili Aprili 1935, ya tatu Septemba 1961, ya nne Desemba 1976. Penseli yenye namba inayoanzia milioni moja na laki tisa haiwezi kuwa ya mwaka 1915, hata mwuzaji akiapa. Kinyume chake si kweli, kwani hataza ilikuwa ikidumu miaka 17 na namba iliendelea kugongwa muda wote huo, pengine na zaidi. Halafu kuna mtego ambao sisi tulikaribia kuingia: namba iliyogongwa kwenye kibanio yaweza kuwa ya kibanio tu. Vibanio vilikuwa na hataza zao, na kiwanda kimoja kiliweza kununua vibanio kwa kingine. Ndugu mfasiri anayesoma namba hapo na kuandika jina la mwenye hataza kuwa ndiye mtengenezaji wa penseli amefanya kosa sawa na la kusema kwamba aliyeshona vifungo ndiye aliyeshona kanzu.

Maandishi ya mwenye tangazo nayo hutoa ushahidi, ingawa yeye ndiye aliyetupoteza. Anwani yenye namba ya posta ya tarakimu tano haikuandikwa kabla ya 1963. Yenye namba ya eneo ya tarakimu moja au mbili baada ya jina la mji mkubwa ni ya baada ya 1943. Benki inayojisifu kuwa amana zake zimekingwa na bima ya serikali ya shirikisho haikuweza kujisifu hivyo kabla ya sheria ya 1933. Tai wa buluu, nembo ya mpango wa serikali ya Roosevelt wa kufufua viwanda, alitumika kati ya 1933 na 1935 tu. Namba ya simu yenye tarakimu mbili inasimulia mji ambamo mtu alimwomba opereta kwa sauti ampatie ghala. Dalili hizi zote husema lini, hazisemi nani. Lakini ukijua lini, umeondoa viwanda ambavyo vilikuwa havijazaliwa au vilikuwa vimekwisha funga.

Mwili wa penseli una lugha yake pia. Seluloidi ikisuguliwa kwa kidole hutoa harufu ya kafuri. Ebonaiti, yaani mpira uliokaushwa kwa salfa, hunuka salfa. Bakelaiti ikipashwa kwa maji ya moto hunuka dawa ya hospitali. (Wapo wanaoshauri kuchoma kwa sindano yenye moto. Seluloidi huwaka kwa kasi ya ajabu, na hatuwashauri wasomaji wetu.) Unene wa risasi nao ni kipimo: zile za zamani zilikuwa na kipenyo cha milimita 1.18 hivi, na nyembamba za milimita 0.9 zilienea kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1930. Mwisho kabisa kuna utaratibu wa ndani: wapi pa kuzungusha, jinsi risasi inavyopakiwa, mahali pa kuwekea akiba chini ya kifutio. Haya hayakubadilishwa kwa ajili ya mteja. Mteja alichagua rangi na maneno, kiwanda kikabaki na desturi zake, kama mwandishi anavyobaki na hati yake ya mkono hata akiandika barua ya mtu mwingine.

Ilikuwapo pia aina fupi iliyovaa kofia ya chuma yenye umbo la risasi ya bunduki, iliyopendwa sana na wauza mbegu na mifugo kwa kuwa ilikaa vizuri mfukoni mwa suruali ya kazi. Kwa Kiingereza jina lake linatokana na umbo hilo. Mfasiri wetu aliifasiri kalamu ya risasi, nasi hatukuweza kumlaumu. Ilikuwa kalamu ya risasi mara mbili.

Tumesema mengi ya ushahidi, na huenda msomaji akauliza kama inafaa kuhangaika hivi kwa penseli ya bure. Tungependa kumjibu kwa kesi moja. Mwaka 1955 Bibi Jane Aronson wa Marekani aliomba hataza ya kishikizo cha funguo alichokibuni. Mwaka uliofuata alifanya mkataba na Quick Point, kampuni ya penseli tuliyoitaja, iwe na haki ya pekee ya kukitengeneza na kukiuza. Angelipwa asilimia 5 ya bei ya mauzo. Lakini kama hataza isingetolewa katika miaka mitano, angelipwa asilimia 2.5 kwa muda wote ambao kampuni ingeendelea kuuza. Hataza haikutolewa. Kampuni ililipa kiwango kidogo kwa miaka mingi, jumla yake ikapita dola 200,000, kisha mwaka 1975 ikaenda mahakamani kudai kwamba haidaiwi tena, maadamu kitu hakina hataza na kila mtu anaweza kukiiga. Mwaka 1979 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba mkataba ni mkataba, na kampuni iendelee kulipa. Katika kesi hiyo mbunifu hakuwa mwenye hataza, na mtengenezaji hakuwa mbunifu. Mtu atakayefasiri hukumu hiyo kwa Kiswahili akiwa na neno moja tu, akiandika kishikizo “cha” Aronson hapa na kishikizo “cha” Quick Point pale, atamchanganya msomaji katika jambo lile lile ambalo majaji walilipwa kulitenganisha.

Basi turudi kwenye maneno yetu. Dawati letu limependekeza kwamba katika orodha, kadi za makumbusho, mikataba na hati za forodha, kiunganishi cha -a kisitumike peke yake kuonyesha asili ya bidhaa, bali kitenzi kitajwe. Mbunifu ni aliyetoa wazo. Mwenye hataza ni yule ambaye haki imeandikwa kwa jina lake, awe ndiye mbunifu au aliyeinunua haki hiyo. Wakala ni aliyechukua oda. Haya matatu hayakuleta ubishi.

Mtengenezaji alileta ubishi. Mwenzetu mmoja alitukumbusha kwamba katika mazungumzo ya kawaida kutengeneza ni pia kukarabati; fundi anayetengeneza saa hakuiunda. Hoja hiyo ni ya haki, na katika vitu vya kale ina uzito, kwa kuwa penseli nyingi za zamani zimepitia mikononi mwa warekebishaji na kubadilishiwa kifuniko au ncha. Hata hivyo maneno “imetengenezwa” yamekwisha kuzoeleka kwenye bidhaa za viwandani pamoja na jina la nchi, na si kazi ya kamusi kushindana na katoni. Tumeona litumike neno mtengenezaji, na pale penye hatari ya kukosewa iandikwe wazi: kiwanda kilichotengeneza, na kwa yule mwingine, fundi aliyekarabati.

Neno lililotushughulisha zaidi ni la yule mwenye jina kubwa ubavuni. Wengine walitaka aitwe mtangazaji. Kwa sheria za unyambuaji hawakukosea, lakini mtangazaji kwa masikio ya Waswahili ni mtu wa redio, anayesoma taarifa ya habari. Fikiria kadi ya makumbusho isemayo kwamba mtangazaji wa penseli hii alikuwa ghala la nafaka. Tumechagua mwenye tangazo. Ni maneno mawili, na wapo wanaopenda istilahi iwe neno moja, lakini hakuna atakayelisoma vibaya.

Kuhusu chombo chenyewe, maoni bado yamegawanyika. Penseli ya mashine inapendwa na wahandisi. Sisi twaona inaweza kudhaniwa ni penseli ya kuandikia juu ya mashine. Katika makala haya tumesema penseli isiyochongwa, kwa kuwa mtoto yeyote wa shule mwenye kichongeo mfukoni ataielewa. Wajapani walipita njia nyingine. Hayakawa Tokuji alianza kutengeneza penseli za namna hii Tokyo mwaka 1915, akaziuza kwa jina la Kiingereza lenye maana ya kuwa na ncha kali. Tetemeko la ardhi la Septemba 1923 liliteketeza kiwanda chake na kumwondolea mke na watoto. Akahamia Osaka, akaanza upya kwa kutengeneza redio, na kampuni yake ikabaki na jina la penseli aliyoiacha: Sharp. Wajapani hadi leo huita kila penseli ya namna hiyo, iwe imetengenezwa na nani, kwa ufupisho wa jina lile. Nasi tunao ujuzi wa mambo hayo. Anayekwenda dukani kununua Omo huenda akarudi na sabuni ya unga ya kiwanda kingine, na wala asione amepewa kisicho chake.

Mfasiri wetu alimwandikia mwenye orodha, akamwomba atazame chini ya vibanio na ndani ya vifuniko. Majibu yalikuja. Penseli ya benki ilikuwa na neno Autopoint pamoja na Chicago, kwa herufi ndogo mno. Ya mwuza mbegu ilikuwa Redipoint. Kwa hizo mbili safu imejazwa upya, na benki imehamishiwa kwenye safu mpya ya mwenye tangazo. Penseli ya ghala la nafaka haikuwa na jina popote. Kwenye kibanio pana namba ya hataza iliyo chini kidogo ya milioni mbili, ubavuni pana simu ya tarakimu mbili, na mwili wake ni wa seluloidi ya kijani yenye michirizi. Tumeandika: mwenye tangazo, ghala la nafaka, kibanio, si kabla ya miaka ya 1930, kiwanda kilichotengeneza, hakijatambuliwa. Mfasiri aliuliza kama pengo hilo halitaonekana vibaya likichapishwa. Tulimwomba aliache hivyo.